Mtoto Anayechagua Chakula Mbele ya Meza ya Wafaransa



Huenda kichwa cha makala hii kimewashangaza baadhi yenu. Mtauliza, sisi tuna shughuli gani na mikahawa ya Wafaransa, ilhali wengi wetu hatujawahi hata kuiona? Sababu ni mbili. Kwanza, siku hizi familia nyingi za parokia zetu zina watoto au ndugu wanaoishi Ulaya, na mara kwa mara wazazi hualikwa kwenda kuwaona. Pili, mkahawa wa Kifaransa ni mahali ambapo tatizo la mtoto anayechagua chakula huonekana waziwazi: chakula ni kigeni, watu wanatazama, bei ni kubwa, na mtoto amefunga mdomo. Mzazi anayejua la kufanya hapo, atajua pia la kufanya nyumbani kwake.

Maoni yangu nayasema mapema ili tuelewane. Mtoto anayekataa chakula asilazimishwe kula, na wala asipikiwe chakula chake peke yake. Awekewe kile kile cha wote, aketi pamoja na wote, aonje kama anapenda, na mlo uendelee kwa amani. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, amelieleza jambo hili vizuri: mzazi huamua chakula gani kiwekwe mezani, saa ngapi na mahali gani, mtoto huamua kama atakula, na kiasi gani. Kila mmoja akishika kazi yake, ugomvi hupungua. Mmoja akiingilia kazi ya mwenzake, meza hugeuka uwanja wa vita.

MKAHAWA ULIANZA NA SUPU

Yafaa kwanza kujua kwamba neno la Kifaransa "restaurant" halikuwa jina la nyumba. Lilikuwa jina la supu. Maana yake ni kitu kinachomrudishia mtu nguvu. Katika mji wa Paris, miaka ya 1760, zilianza kufunguliwa nyumba zilizouza mchuzi mzito wa nyama kwa watu waliojiona dhaifu, wasioweza kula vyakula vizito. Mteja aliketi kwenye meza yake na kula kwa wakati wake. Baadaye jina la supu likawa jina la nyumba yenyewe.

Akina mama wa Kilimanjaro hawatashangaa, maana wao humpa mzazi aliyetoka kujifungua mtori, kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo basi, mtu asiogope mkahawa wa Kifaransa kana kwamba ni mahali pa vyakula vya ajabu tu. Mahali hapo palianzishwa kwa ajili ya mwenye tumbo dhaifu, na hadi leo mara nyingi utakuta supu ya mboga, kuku wa kuoka, viazi vya kupondwa au samaki. Tatizo ni sisi wakubwa, tunaoingia na hofu na kumwambukiza mtoto.

KWA NINI MTOTO HUKATAA

Wazazi wengi hudhani mtoto anayechagua chakula amedekezwa au ana kiburi. Mara nyingi sivyo. Mtoto akianza kutembea huanza pia kuogopa vyakula asivyovijua, na hofu hii huonekana zaidi kati ya miaka 2 na 6. Wataalamu wengi wanaiona kama kinga ya asili: mtoto anayeweza kutembea mwenyewe hadi kichakani angejidhuru kama angetia mdomoni kila jani analoliona. Mboga za majani, zenye uchungu kidogo, ndizo hukataliwa kwanza. Vitu vitamu hupokelewa bila maswali.

Wala jambo hili si la taifa fulani. Bibi mmoja wa kwetu alikwenda kumtembelea binti yake katika mji wa Lyon, mji unaosifika Ufaransa kwa mapishi. Walimpeleka kwenye mkahawa wa kienyeji, na humo akakuta utumbo wa ng'ombe umepikwa vizuri. Bibi alikula kama yuko nyumbani, maana supu ya utumbo ameijua tangu utoto wake. Aliyekataa ni mjukuu, aliyezaliwa huko huko Lyon: alitaka chipsi tu. Mnaona? Ulimi haujui pasipoti. Unajua kile ulichozoezwa.

Ndiyo maana tusicheke tunaposikia kwamba Wafaransa hula konokono kwa siagi na kitunguu saumu. Mtoto wa Bukoba hushangilia senene, na wako wengi nchini petu wanaopenda kumbikumbi. Mgeni akiviona hutetemeka. Tofauti yetu naye ni mazoea.

Mazoea hayo huanza mapema sana. Mwaka 2000 mtafiti Benoist Schaal na wenzake nchini Ufaransa walionyesha kwamba watoto wachanga ambao mama zao walikula vitu vyenye anisi wakati wa ujauzito, mbegu ambazo harufu yake hukaribia ile ya shamari, waliipenda harufu hiyo tangu saa za kwanza za maisha yao. Akina mama wajawazito, kuleni vyakula bora vya aina mbalimbali. Mtoto anaonja tayari.

MEZA YA WAFARANSA INATUFUNDISHA NINI

Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliuweka mlo wa Wafaransa katika orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia. Hawakusifu chakula kimoja kimoja, bali desturi ya kukaa pamoja na kula kwa mpangilio: kwanza chakula cha kufungulia, kisha nyama au samaki pamoja na mboga, kisha jibini, na mwisho kitu kitamu. Mimi kama muuguzi naona katika desturi hiyo mambo matatu yanayomsaidia mtoto mchaguzi.

La kwanza ni saa. Mtoto wa Kifaransa kwa desturi hula mara nne: asubuhi, mchana, kama saa 10 na nusu jioni anapotoka shuleni, na usiku. Katikati ya saa hizo halikusudiwi jambo la kutafunatafuna. Akifika mezani ana njaa, na njaa ni kitoweo. Hapa kwetu mtoto wa mjini anakunywa soda saa 4, anakula biskuti saa 5, halafu saa 7 mama analalamika kwamba mtoto hali. Atakulaje naye ameshashiba sukari?

La pili ni mpangilio. Mboga huja mwanzo, wakati njaa ni kali na meza haina kingine. Karoti zilizokunwa, nyanya au supu ya maboga ikitangulia, hata mtoto mgumu huweza kutia mkono. Ukiweka chipsi na mboga kwa pamoja, kila mtu anajua kitakachobaki.

La tatu ni kwamba chakula ni kimoja. Katika migahawa ya shule za Ufaransa, kanuni za mwaka 2011 zinataka mlo wenye sehemu 4 au 5. Katika milo 20 mfululizo, vyakula vya kukaangwa vyenye mafuta mengi visizidi mara 4, na matunda mabichi yawe ya kumalizia mlo angalau mara 8. Maji na mkate hutolewa bila kipimo, lakini chumvi na sosi haviachwi mezani kila mtu ajimiminie. Aidha, tangu mwaka 1990 kuna juhudi za kila Oktoba ambapo wapishi huwafundisha watoto kuonja. Mtoto huulizwa: ni chachu, ni chungu, ni laini, inalia mdomoni? Haulizwi kama amemaliza.

Sisemi kwamba Wafaransa ni malaika. Hata huko wapo wazazi wanaofokea watoto wamalize sahani, na watoto wao hupenda chipsi kama wa kwetu. Mvinyo wenyewe walikuwa wakiwapa watoto shuleni, hadi mwaka 1956 ulipopigwa marufuku kwa walio chini ya miaka 14. Tuchukue lililo jema, lisilofaa tuliache.

MTEGO WA CHAKULA CHA WATOTO

Katika mikahawa mingi ya Ufaransa kuna bei maalumu ya watoto, huandikwa "menu enfant". Kwa kawaida ni nyama ya kusaga au vipande vya kuku wa kukaanga, chipsi, na aiskrimu. Ni rahisi na mtoto anafurahi. Lakini hapa ndipo napingana na wenye mikahawa, na pia na wazazi wanaoagiza chakula hicho kila safari bila kufikiri. Mtoto anafundishwa kwamba kuna chakula cha watu na chakula cha watoto, na kwamba mboga, samaki na mchuzi si vyake. Mzazi huona amepata amani ya siku ile, kumbe amelilea tatizo lenyewe.

Kwa maoni yangu, mtoto akiwa amechoka na safari, au ni siku ya sherehe, apewe tu, haina neno. Isiwe desturi. Mara nyingi ni bora kuomba sahani moja zaidi na kumgawia kutoka sahani za wakubwa, au kumwagizia chakula kimoja cha kufungulia. Kiasi kidogo hakimtishi mtoto, na hakiutishi mfuko wa baba.

USIMLAZIMISHE

Nafika kwenye jambo linaloniuma zaidi. Wazazi wanaona aibu mtoto anapokataa chakula mbele ya watu, na aibu huzaa ukali. Huko mkahawani mzazi hunong'ona vitisho. Huku kwetu wengine humlaza mtoto magotini, humbana pua na kumnywesha uji kwa nguvu. Ndugu zangu, hiyo ni hatari. Mtoto anayelia na kuvuta pumzi huku uji uko kooni, uji huo unaweza kuingia katika mapafu. Hospitalini tunawapokea watoto wa namna hiyo, wakipumua kwa shida, na si wote wanaopona. Hakuna kikombe cha uji chenye thamani hiyo.

Hata bila nguvu za mikono, maneno yenyewe huharibu. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, akiwemo Leann Birch, waliwapa watoto wa chekechea supu za aina mbili. Kwa supu moja waliwahimiza tena na tena wamalize, kwa nyingine waliwaacha. Watoto walikula kidogo zaidi ile waliyohimizwa, na ndiyo waliyoisema vibaya. Nayo hongo haisaidii. Ukisema, "Maliza mchicha upate soda," umemfundisha mtoto kwamba mchicha ni adhabu na soda ni tuzo.

Sasa dawa ni nini? Ni uvumilivu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, watoto wa miezi 7 katika mji wa Dijon nchini Ufaransa na Aalen nchini Ujerumani walipewa mboga ambayo mama zao walisema wanaikataa. Walipewa siku moja, wakarukishwa siku moja, hadi mara 8. Walio wengi waliishia kuikubali. Wazazi wengi hukata tamaa baada ya mara mbili au tatu, wakasema, "Huyu hali kunde." Kumbe alikuwa njiani. Haba na haba hujaza kibaba.

MKIINGIA MKAHAWANI

Kwa wale watakaosafiri, au mlio na wajukuu huko, shikeni haya:

1. Jueni saa. Mikahawa mingi ya Ufaransa hutoa chakula cha mchana kati ya saa 6 na saa 8, na cha usiku kuanzia saa 1 au saa 1 na nusu. Katikati jiko hufungwa. Mtoto aliyezoea kula saa 12 jioni apewe mkate na tunda saa 10 na nusu, kisha asubiri.

2. Someni orodha kabla ya kuingia. Kwa kawaida hubandikwa nje pamoja na bei. Kwa Kifaransa "menu" ni mlo mzima wa bei moja, na "entrée" ni chakula cha kufungulia, si chakula kikuu. Mwonyesheni mtoto, mwelezeni kila kitu ni nini, kisha mwacheni achague kati ya viwili mnavyovikubali ninyi.

3. Angalieni mkate. Huletwa mapema bila malipo, na mtoto mwenye njaa huweza kushiba kabla chakula hakijaja. Kipande kimoja kinatosha. Ombeni jagi la maji ya bomba: ni salama na ni bure, nayo soda haina lazima.

4. Tafuteni kitu cha karibu na nyumbani. "Ratatouille" ni biringanya, nyanya, pilipili hoho na kitunguu, mboga tunazozijua. "Crêpe" ni ndugu wa chapati ya maji. Mtoto akiona kitu kimoja anachokijua sahanini, hupata ujasiri wa kugusa cha pili.

5. Msimtangaze. Msimwambie mhudumu mbele yake, "Huyu hali kitu." Mtoto huishi kulingana na sifa aliyopewa. Semeni tu, "Bado anajifunza."

6. Akikataa, mwambieni, "Sawa, labda siku nyingine," kisha endeleeni na mazungumzo. Msilete chakula cha badala. Mtoto mwenye afya aliyekula kidogo usiku mmoja hatadhurika. Atakula asubuhi.

7. Msilazimishe kwa sababu mmelipa. Tangu Julai 2021 mikahawa ya Ufaransa inatakiwa kumpa mteja chombo cha kubebea mabaki akiomba. Chukueni, mle nyumbani.

VYAKULA VYA KUANGALIWA

Kutochagua hakumaanishi kula kila kitu. Nyama ya kusaga ya mtoto iwe imeiva kabisa. Mwambieni mhudumu "bien cuit". Neno "à point" kwao bado lina wekundu ndani. Nyama mbichi iitwayo "tartare" na chaza wabichi si vya watoto wadogo wala wajawazito. Mwaka 2019 serikali ya Ufaransa iliwaonya wazazi kwamba watoto chini ya miaka 5 wasipewe jibini la maziwa mabichi, kwa sababu ya vijidudu vinavyoweza kuharibu figo. Jibini gumu kama Comté au Emmental halimo katika onyo hilo. Wajawazito nao wajihadhari na jibini la maziwa mabichi, kwa kuwa vijidudu viitwavyo listeria huweza kumdhuru mtoto tumboni. Ulizeni pia kama mchuzi au keki ina pombe. Ipo keki inayomwagiwa ramu.

Mwenye mzio wa karanga, mayai, maziwa au kamba asione haya kusema. Sheria za Ulaya zinataka mkahawa utoe habari za vitu 14 vinavyosababisha mzio, na huko Ufaransa habari hizo ziwe zimeandikwa.

SI KILA MCHAGUZI NI MZIMA

Mwisho, wazazi wapime. Mtoto anayecheza, anayekua, na anayeongezeka uzito kwenye kadi ya kliniki hana sababu ya kuwatia hofu. Lakini mtoto anayepungua uzito, anayekabwa au kutapika kila anapokula, mwenye vidonda au utando mweupe mdomoni, anayekula udongo, aliyepauka macho na viganja, au ambaye idadi ya vyakula anavyovikubali inazidi kupungua badala ya kuongezeka, huyo apelekwe hospitali. Huenda ana upungufu wa damu, minyoo, au ugonjwa mwingine, na kumfokea mezani ni kumwonea.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wenye nacho, kwamba mtoto wa maskini hana nafasi ya kuchagua. Siyakubali maneno hayo. Mtoto wa kijijini anayelishwa kwa kibao na mtoto wa Lyon anayebembelezwa kwa chipsi wote wawili wananyimwa jambo moja: nafasi ya kujifunza kula bila woga. Nafasi hiyo haihitaji fedha. Inahitaji baba na mama wanaoketi na watoto wao kwenye sinia au meza moja, wakala mchicha ule ule wanaotaka mtoto aule, leo, kesho, na keshokutwa.

Basi, leo jioni mboga ikitengwa, mzazi ale yeye kwanza, na ale kwa furaha. Mtoto anatazama.